Chembe Zisizotaka Kupumzishwa

Mkiniona siku hizi kwenye mikutano ya vijana wa sayansi, nitakuwa nimekaa nyuma, karibu na sambusa. Kiti cha nyuma kina faida zake: unamwona nani anaandika na nani anajifanya anaandika. Mara ya mwisho msichana mmoja mpole aliniuliza nimefanya kazi gani miaka yote hiyo hapa London. Nikamwambia nilikuwa nafuga viroboto. Akasogeza kiti chake kidogo.

Basi nieleze, nisije nikabaki peke yangu. Viroboto wa maji hawaumi mtu wala hawakai kwenye godoro. Ni jamaa wa mbali wa kamba, wanaishi kwenye vidimbwi na maziwa ya maji baridi, na mkubwa wao ni kama punje ya mchele. Mtoto wake ni nukta yenye jicho moja. Kutwa anachuja maji kutafuta chakula, kwa hiyo kilichomo ndani ya maji kitakuwa ndani yake kabla hujamaliza kupangusa miwani. Ndiyo maana maabara za dunia nzima humtumia kupima sumu. Ukitaka kujua kitu kimoja kitaufanyaje mto, kwanza muulize yeye. Kazi yangu ilikuwa kumweka hai na mwenye furaha mpaka siku ya kuulizwa.

Mama yangu, Mungu amrehemu, aliwaambia majirani kule Wete, Pemba, kwamba mwanawe ni daktari wa samaki. Sikumsahihisha. Samaki angalau wanakula viroboto.

Nilifika kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na shahada ya elimu ya wanyama na suti moja. Nilitegemea wanyama wenye mifupa. Nikapelekwa kwenye chumba cha chini, chenye joto la aina moja mwaka mzima, na kwa Mpemba aliyekuwa anakabiliana na baridi ya kwanza hilo lilinifuta machozi. Humo ndani alikuwemo fundi mkuu, Mzee Gurdip, Singasinga wa Southall aliyezaliwa Nakuru, kilemba cha buluu, ndevu zimefungwa kwa wavu ili zisitumbukie kwenye mitungi. Aliposikia natoka Pemba, alibadilisha lugha palepale akaniita Karafuu, na jina langu la cheti halikutumika tena katika chumba kile.

Siku ya kwanza alinipa pipeti na kuniambia nihamishe watoto kutoka mtungi mmoja kwenda bika kumi, vile vikombe vya kioo vya maabara. Nilifanya kwa madaha. Nilimfyonza kila mmoja, nikamdondosha kutoka juu kama mtu anayetia matone ya dawa ya macho. Baada ya chakula cha mchana, wote walikuwa wanaelea juu ya maji, wanatapatapa. Hewa ilikuwa imeingia chini ya gamba lao na hawakuweza tena kuzama. Gurdip aliinama, akaangalia, akaniuliza kwa upole nyumbani kwetu mtoto anaogeshwaje.

"Ndani ya beseni," nikasema.

"Ndani. Hatupwi besenini kutoka dirishani, Karafuu. Ncha ya pipeti chini ya maji."

Hiyo mbinu mtaikuta vitabuni, imeandikwa kwa mstari mmoja. Mimi nimeandikiwa kwa miili ya watoto mia moja, haiwezi kunitoka.

Mengi mengine nayo niliyapata hivyo. Wakianza kuwa wekundu, ujue maji yamekosa hewa. Ukiwalisha mwani mwingi wanachafuka, ukiwalisha kidogo wanakasirika. Na hasira yao inaonekana kwa namna hii: mtungi wenye afya ni wa majike watupu, wanazaa majike wenzao bila mume yeyote. Ukiona madume yametokea, basi umewatesa. Wamekata tamaa na maisha na sasa wanataka kutaga mayai magumu ya kungojea nyakati bora. Nilipomweleza mke wangu, alisema huo ndio utaratibu wa nyumba uliomridhisha kuliko wote aliousikia Ulaya.

Lakini kanuni kubwa ya Gurdip, iliyokuwa juu ya zote, ilikuwa moja: usimpe mnyama maji yaliyochoka. Maji ya bomba yana klorini, yaache yapumzike. Ukishachanganya dawa ya kupimwa, iwe madini ya shaba au sumu ya wadudu, yaache maji tena, mpaka mapovu yatoke na joto lilingane na la chumba. Mtoto akiingia kwenye maji yenye fujo utahesabu vifo vya fujo na kuviandika kuwa ni vya sumu. Nilimwona akiwarudisha madaktari wazima mlangoni, chupa mkononi, kwa sababu maji yao hayakupumzika.

Yapumzike kwa muda gani? Kwa muda wa chai. Wenzetu Waingereza walikuwa wanachovya kipakiti kwenye kikombe na kuendelea na safari. Chai ya Gurdip ilikuwa ibada. Kulikuwa na jiko dogo la umeme kwenye chumba cha wafanyakazi mwisho wa ukumbi, na sufuria iliyopinda mdomo. Maziwa, majani, tangawizi iliyopondwa, iliki. Inapanda, inashushwa, inapanda tena. Halafu inanywewa, na wakati inanywewa tunatengeneza siasa za Kenya na Zanzibar, ambazo hazikuwahi kutengenezeka kwa haraka. Tukirudi maabara, maji yametulia kama kioo. Na kazi zetu zilisifika. Maabara nyingine zilikuwa zinapata matokeo ya kurukaruka; yetu yalikuwa yananyooka mwaka baada ya mwaka. Gurdip alipostaafu nilirithi funguo, sufuria na kanuni, na sikubadilisha hata kimoja.

Sasa nirukie miaka ya elfu mbili, zilipotuingilia chembe za nano.

Fikirieni unga mweupe ambao chembe zake ni ndogo hivi: upana wa unywele mmoja ungepangiwa chembe kama elfu moja. Ulikuwa unatiwa kwenye mafuta ya kujikinga na jua, kwenye rangi za nyumba, na watu walikuwa wameanza kuuliza: haya, tukioga, ukishaingia mtoni, unawafanyaje walioko huko? Profesa wetu, Mwingereza mrefu aliyekuwa akiomba radhi kwa milango kabla ya kuifungua, alikubaliana na maabara moja ya Uskoti kwamba tupime unga mmoja, kutoka kopo moja, kwa utaratibu mmoja, huku na kule. Sisi tukapewa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, Nilam.

Nilam alizaliwa hapahapa. Wazazi wake ni Wagujarati wa Kisumu, wana duka la vyombo kwenye barabara ya Kingsbury. Kiswahili alikuwa anakielewa vizuri, kwa sababu wazazi wake walikitumia kugombana ili watoto wasifahamu. Kwa hiyo watoto walikifahamu haraka sana. Kujibu alijibu kwa Kiingereza, tena cha kasi. Hapa nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, na kama mama yake atasoma, asidhani mwanawe amebadilika. Mimi aliniita Anko. Alikuwa na mkono mtulivu kuliko wangu, na nilimfundisha kila nilichofundishwa, mpaka jinsi ya kupiga tangawizi.

Kipimo chenyewe si kigumu. Unachukua unga, unautia kwenye maji ndani ya chupa moja kubwa, tuiite chupa mama. Unaiweka kwenye mashine inayoitikisa kwa mawimbi ya sauti mpaka unga uchanganyike na maji yawe kama ya kuoshea mchele. Kutoka hapo unagawa kwenye bika, unatia watoto, unasubiri. Kawaida ya kazi ni siku mbili. Sisi na Waskoti tulikubaliana kufika ya nne, kwa sababu ndani ya muda huo mtoto anajivua gamba lake ili akue, na tulitaka kuliona hilo. Kila siku unakizungusha kibika taratibu na kuangalia nani anaogelea na nani amelala chini hajongei.

Wa Nilam walikuwa wanaogelea. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne, wote wanarukaruka kama harusini. Alirudia, wakaruka. Huko Uskoti, unga uleule, wengi wao walikuwa chini ifikapo siku ya nne.

Mkuu wa maabara ile, daktari mmoja wa Kiskoti, alimpigia simu Profesa. Profesa akatusimulia kwa maneno laini sana, na Kiingereza kikilainishwa hivyo, mtu mzima ajifunge mkanda. Daktari alikuwa anajiuliza kama mwanafunzi wetu pengine anahitaji mafunzo zaidi ya kushika vyombo. Mkutano wa pamoja ulikuwa umepangwa kabla ya baridi kuanza. Kama hadi siku hiyo tofauti haijapata maelezo, Profesa alisema, matokeo ya London yangewekwa kando, na Nilam angeondoka na shahada ndogo kuliko aliyoijia. Miaka yake miwili na nusu ingekuwa tanbihi ya Mskoti.

Nilam alitoka ofisini. Nilimkuta kwenye chumba cha joto, anaosha bika zilizokwisha oshwa.

"Anko, mikono yangu ina nini?"

Nikamwambia mikono yake haina kitu, kasoro iko Uskoti. Watu wale hawajui kuyapumzisha maji. Nilisema kwa uhakika kabisa. Uhakika ni kitu kizuri na nina hazina yake, lakini nyie wachanga mkisikia mtu anao mwingi hivyo, mwulizeni ameupimia wapi.

Tukaanza duru nyingine, na mwezi wa Ramadhani ukaandama.

Ramadhani zile ziliangukia majira ya majani kupukutika, kwa hiyo kufunga London hakukuwa adhabu kubwa. Chai, bila shaka, ikasimama. Nilam hakufunga, kwao wana siku zao za kufunga na zilikuwa zimekwisha. Lakini aliona ni utovu wa adabu kukaa na kikombe mbele ya anko wake anayelamba midomo. Kwa hiyo tulipoitoa chupa mama kwenye mashine, hakuna aliyekwenda popote. Tulikuwa tumesimama palepale, akaanza kugawa. Mimi nikamshikia bika.

Siku ya tatu asubuhi aliniita kwa sauti ambayo sikuijua. Nikaenda. Kwenye bika zenye unga, watoto wengi walikuwa chini. Tulizungusha maji, hawakujongea. Kwenye bika zisizo na unga, zile za kulinganishia, walikuwa wazima wote.

Mimi, mtaalamu, nikaamua mara moja kwamba kazi imeharibika. Sabuni, nikasema. Au msafishaji amepuliza dawa ukumbini. Nilikuwa tayari nimebeba trei naelekea kwenye sinki. Nilam alisimama mbele ya sinki.

"Sabuni ingewaua na wale wengine. Weka chini, Anko."

Niliweka. Akamchukua mmoja aliyelala, akamtia chini ya hadubini, akaniachia nafasi. Wanangu, nimeona viroboto wengi. Yule alikuwa amefunikwa weupe kuanzia kichwani hadi mkiani, kama aliyevishwa kanzu. Gamba la zamani lilikuwa limepasuka mgongoni, limeanza kuvuka, likakwama. Alikuwa amekufa katikati ya kuvua nguo.

Tukakaa. Akataka tutaje kila tulichofanya safari hii ambacho hatukufanya zamani. Maji yaleyale. Mwani uleule. Kopo lilelile. Nikamwambia kitu pekee kilichobadilika ni kwamba mimi nimefunga, na viroboto hawajui. Akaigeukia chupa mama, ambayo tuliiacha juu ya meza tangu siku ile. Chini yake kulikuwa na tabaka nyeupe, nene, kama tui lililoganda. Juu, maji safi.

"Hatukunywa chai," akasema.

Hapo nilifahamu. Shaba ikishayeyuka imeyeyuka. Iache utakavyo, ipo juu na ipo chini. Unga huu haujayeyuka. Ukiuacha, chembe zinashikana, zinakuwa mabonge, mabonge yanazama. Sisi tulikuwa tunaondoka, tunachemsha, tunapandisha na kushusha, tunarekebisha Zanzibar, tunarudi, tunachota juu. Miaka miwili na nusu tulikuwa tunawapa watoto wale maji na kuandika kuwa ni sumu. Waskoti walichovya kipakiti chao na kurudi kazini.

Kujua chanzo kulimwokoa Nilam, lakini kulileta jambo lingine. Kusimama mkutanoni na kueleza kulikuwa na maana ya kusema kwamba kosa ni kanuni, na kanuni ile ilikuwa na mwenyewe. Kila mtu katika fani yetu pale mjini alijua maji ya kupumzishwa ni ya nani. Nilam akasema hatasimama kabla hajamwambia mwenyewe. Jumamosi tukaenda Southall.

Mzee Gurdip alitupokea kwa soksi za sufu na malalamiko juu ya magoti. Mkewe akanisikitikia kwa kuwa nimefunga, akamletea Nilam sahani mbili, yake na yangu. Nilieleza mimi, kwa kuzungukazunguka, nikianza na hali ya hewa. Nilipofika kwenye chai, mzee aliacha kuyasugua magoti.

"Kwa hivyo mimi ndiye niliua masomo ya huyu msichana."

"Hapana, Mzee, hakuna aliye—"

"Ngoja, Karafuu. Nilikufundisha maji yapumzike. Poda nilikufundisha lini?"

Aliendelea kunitazama, na nikamwona ameumia kweli. Alisema aliipata kanuni ile kwa kupoteza mitungi ya mwaka mzima, alipokuwa kijana na hakuna aliyemwonyesha, na aliipenda kwa sababu ilikuwa kitu chake. Alikuwa anatarajia itaishi kuliko yeye. Nilam alikuwa na kipande cha jalebi yenye shira mkononi na hakujua akiweke wapi. Akasema, kwa Kiswahili safari hii, kile cha ugomvi wa Kingsbury, polepole, akitafuta kila neno: "Babu, mimi sitasema jina. Nitasema tu fundi mmoja."

Mzee akamgeukia.

"Fundi mmoja? Huyo ni nani? Sema Gurdip. Sema kwa shaba ilikuwa sawa, kwa zinki ilikuwa sawa, kwa poda imeshindwa. Ukificha jina, watafikiri ilikuwa ni ujinga."

Siku ya mkutano Nilam alifanya hivyo. Kabla ya hapo alikuwa ameomba jambo moja: Daktari wa Kiskoti aje siku chache mapema, ashuhudie mwenyewe. Safu mbili za bika, chupa mama moja. Safu ya kwanza iligawiwa moto moto kutoka mashineni, daktari mwenyewe ameshika pipeti. Safu ya pili ikagawiwa baada ya kupumzika. Profesa alizunguka nyuma yetu akiomba radhi kwa viti. Asubuhi ya siku ya nne, ndiyo ya mkutano, safu ya kwanza ilikuwa imelala chini na ya pili inarukaruka, na mimi nilijikuta nimefurahi kuona maiti, jambo ambalo kazi yetu hukufanyia usipojichunga.

Daktari aliangalia kwenye hadubini kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa haki, nampa hilo. Alisema mbele ya wote kwamba mikono ya London haina kasoro, na kwamba anayafuta maneno yake. Halafu akaongeza, kwa furaha kidogo, kwamba basi maabara yake ndiyo iliyopata jibu sahihi.

Nilam alikuwa amekwisha eleza kanuni ya Gurdip, kwa jina. Angeweza kukaa. Shahada yake ilikuwa imerudi mezani, na mimi nilikuwa namkonyeza akae.

"Ninyi mmepata jibu la maji yanayokorogwa," akasema. "Sisi tumepata la maji yaliyotulia. Mtoni nani anakoroga?"

Profesa alikuwa ameacha kuomba radhi.

"Unga wetu ulizama," akaendelea. "Tuliandika kwamba haudhuru kwa sababu hatukuuona. Lakini upo chini. Na chini kuna wanaoishi."

Mskoti aliwasha kalamu yake ya taa, ile ya kuonyeshea ukutani, akaizima, akaiwasha. Kisha akamwuliza Profesa kama kuna mtu yeyote anayepima minyoo ya matopeni, na Profesa akamwangalia Nilam, na Nilam akaniangalia mimi.

Jumatatu yake nilikuwa ukingoni mwa mto Brent hapa London, mimi mwenye shahada ya elimu ya wanyama, na buti za kuazima zinazovuja mguu wa kushoto. Nilam alikuwa ndani ya maji hadi magotini, anachota kwa ndoo. Alinipandishia ndoo ya kwanza. Nikaingiza mkono kwenye tope baridi, nikapekua, na minyoo myembamba myekundu ikajikunja kwenye vidole vyangu, hai, mingi, ambayo kwa miaka yangu yote sikuwahi kuiuliza chochote.

"Wangapi, Anko?" akauliza kutoka chini.

Nikamwambia alete ndoo nyingine.